Foronya Uliyoniwekea Begini

Mdogo wangu Zaina,

Hujambo huko dirishani kwako? Nimevuka Ruvuma salama, sasa nakuandikia kadi hii nimekalia gunia la mchele hapa Kionga, upande wa Msumbiji. Mvua imelikwamisha gari letu matopeni, nasi tunakula muhogo wa nazi wenye pilipili ya kuliza. Wenzangu wanabishana nani ataajiriwa kwenye gesi iliyogunduliwa. Mimi nilizubaa tu. Nikamwambia mama mmoja abiria mwenzetu, daktari wa ubongo, kwamba leo nafanana na mdogo wangu ambaye mama yetu humwita mvivu kwa kukaa akiwaza.

Akacheka, akaniita kaka kwa Kireno. "Mano, ubongo haulali mtu akitulia. Sehemu zinazochangamka hapo, nyingi ndizo hizohizo tunazotumia kuelewa yaliyo moyoni mwa mwenzetu."

Baadaye nikafungua begi ulilonifungia, nikitafuta shati kavu. Nikakuta foronya yangu kuukuu, ile ya maua yaliyofifia. Zaina, sikumwambia mtu yeyote kwamba naogopa kulala ugenini. Wewe uliyekuwa umekaa tu, ulijua.

Msomee mama kadi hii kwa sauti. Kisha rudi dirishani, mdogo wangu mpenzi, ukae.

Kaka yako,
Saidi