Mguu wa Mbele wa Kushoto

Projestus, rafiki yangu,

Pikapu ya marehemu baba yako inatembea. Miguu ya mbele uliyoitaka, yenye springi za koili na shokapu zake, imekaa sawa kulia na kushoto. Kila Jumanne nampeleka mama yako kutoka Ihembe hadi hospitali kwa mazoezi ya nyonga. Hang'ati tena upindo wa kanga gari likiingia shimoni. Wiki ya kwanza aliniambia, "Anatory, leo nimesikia kama nimebebwa mgongoni." Nilitazama barabara.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo unalijua na mimi nalijua, na kwa muda mrefu nilidhani tutabaki sisi wawili tu.

Unaikumbuka siku ya gulio pale Nkwenda, nilipomaliza kuchomelea lile geti la mfanyabiashara wa kahawa? Ulikuja na kikombe chako cha chai, ukainama, ukapitisha kidole kwenye maungio, ukasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza ndizi: "Ana, hapa umechomelea wewe au amepita kuku?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku ile nikawa Fundi Kuku. Binti yangu alirudi kutoka shuleni akilia kwa sababu ya jina hilo. Nilipokufuata ukasema, "Ni utani tu, bwana." Wewe ulisahau kabla chai haijapoa. Mimi sikusahau, Proje. Nilifanya kazi nawe gereji moja, nikala nawe sahani moja, na sikusahau.

Kisha mama yako akaanguka akichuma kahawa, nyonga ikavunjika. Ile pikapu ilikuwa na springi za majani mbele, ngumu kama kitanda cha mbao, na safari ya hospitali ikawa mateso kwake. Ukapata miguu ya mbele ya pikapu ya kisasa iliyopata ajali: mikono, boljointi, koili, vyote kamili. Ukaja kwangu. "Ana, wewe ndiye fundi wa kuchomelea. Tukate chesesi, tufunge hii."

Nikakwambia mkono wangu ni wa kuku. Tafuta mwingine.

Hukutafuta mwingine. Ulichomelea mwenyewe, wiki nzima, huku mimi nikiunda madirisha ya chuma hatua sita kutoka kwako. Nilikuwa nasikia mlio wa moto wako, na mlio ule pekee ulitosha kuniambia kwamba chuma hakishikani. Hukusugua kutu. Hukuweka vibati vya kuimarisha. Siku ya mwisho ulitoka uvunguni, uso mweusi, ukaniita nije nione.

Niliingia chini. Upande wa kulia ulikuwa na nafuu. Wa kushoto, pale mkono wa chini unaposhika chesesi, maungio yalikaa juu ya chuma kama nta juu ya meza. Nilipita na tochi mara mbili. Niliuona ufa mwembamba kama unywele.

Ukauliza, "Unaonaje?"

Nikasema, "Safi."

Nakuapia sikutaka ufe. Nilitaka mguu ule uanguke hapo hapo Nkwenda, sokoni, siku ya gulio, watu wakikuona. Nilitaka upate jina. Hilo tu ndilo nililolitaka. Lakini gari halikuanguka sokoni. Lilikupeleka vizuri hadi kona ya mikaratusi, kwenye mteremko, ukienda kumchukua mama yako. Tairi la kushoto likalala chini ya bodi, na pikapu ikakutupa bondeni. Waliokukuta wanasema ulikuwa bado unapumua na ulikuwa ukiuliza kama gari limeharibika sana.

Msibani waliniomba niseme neno kama rafiki wa marehemu. Nilisimama mbele ya kaburi lako, katikati ya migomba ya babu yako, nikasema ulikuwa fundi hodari ila ulikuwa mgumu wa kushauriwa. Nikasema nilikuonya. Watu wakatikisa vichwa. Wazee walinong'ona kwamba ujuaji ndio umekumaliza. Na mama yako, Proje, mama yako alinishika mikono yote miwili akaniomba nikusamehe kwa kutonisikiliza.

Nikamwambia nimeshakusamehe.

Baada ya arobaini aliniita. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, akasema, "Mwana wange, usiiache pikapu ife naye. Maliza alichokianza." Nikaivuta hadi gereji. Nilikata kazi yako yote, nikasugua chuma hadi kikang'aa, nikachomelea pole pole, tabaka juu ya tabaka. Sijawahi kuchomelea vizuri namna ile. Wanaopita wanasimama kuangalia. Na bado wananiita Kuku.

Siku ya tatu nilifungua bati la ndani juu ya tairi la kushoto. Unajua ulivyokuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye chuma kwa ile kalamu ya rangi nyeupe. Mwandiko wako ulikuwa pale ndani: "Hapa sina uhakika. Ana aangalie." Chini yake ukaweka alama ya vema, ukaandika: "Ana kasema safi."

Nilikaa chini ya gari hadi mafundi wenzetu wakaja kuuliza kama nimeumia.

Hata hivyo sikusema. Nilifuta maandishi yale kwa petroli, nikaendelea na kazi. Kilichonishinda ni sala. Mama yako alisimama kwenye jumuiya, akiegemea mkongojo wake, akamshukuru Mungu kwamba amemnyang'anya mtoto mmoja lakini amemwachia mwingine, mimi. Jumanne iliyofuata, tulipofika kona ya mikaratusi, nikasimamisha gari nikamweleza yote. Geti, kuku, ufa, neno nililokujibu, nilichosema kaburini, hata petroli.

Hakulia. Alitazama bondeni. Nilimwambia nitakwenda kuungama kwa padri na kisha polisi.

Akasema, "Kwa padri usiende. Padri atakusamehe. Na polisi watakufunga, mimi nibaki na nani wa kunipeleka?"

Kisha akaniambia adhabu yangu. Nitamwendesha kila Jumanne mpaka afe. Na kila tukifika pale nitasimama, nitashuka, nitakuja dirishani kwake na kumweleza tena, tangu mwanzo, bila kuruka neno. Nikimaliza husema, "Haya, twende." Hajawahi kusema zaidi ya hapo. Nikimsalimia "Shikamoo mama", ananiitikia marahaba kama zamani, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Jana ilikuwa mara ya kumi na moja. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara laini, na gari lilikuwa likielea juu ya mashimo kama ulivyoota. Mama yako akasinzia, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Nilifika karibu na mikaratusi nikapunguza mwendo. Nilijiambia ni mgonjwa, amechoka, nikimwamsha nitakuwa namtesa. Tukaingia konani taratibu, hata shokapu hazikulia. Nilikwisha kukanyaga mafuta tuondoke.

Bila kufumbua macho akasema, "Simama."

Nikasimama. Nikashuka.

Kwaheri, Projestus. Sikuombi unisamehe, mama yako amenikataza kutafuta msamaha. Nakuahidi kitu kimoja tu ninachoweza: Jumanne nitasimama tena.

Anatory