Pumzi ya Osea

Jumatano, 3 Agosti 2011
Boksi limefika na basi la Dar. Sidii nne kwenye kasha gumu, na mbele picha ya bendi ya Mlowo Jazz, wote katika suti zinazofanana – mume wangu Osea wa pili kushoto, saksafoni shingoni, mwembamba kama fimbo. Lusubilo, mtoto wa marehemu mpiga ngoma wao, ndiye anayezitoa upya zile nyimbo za zamani. Hili ni la majaribio. Anataka Osea asikilize, aseme sauti iko sawa, ndipo wachape mengi. Umeme hakuna. Mgao. Osea amelala na boksi pembeni ya mto – mtu mzima!

Alhamisi, 4 Agosti
Umeme umerudi mchana. Osea akavaa hedifoni za binti yetu Aida, akafungulia mpaka mwisho. Masikio yake yamekufa karibu yote. Siku hizi naongea naye kwa kupaza sauti, mji mzima hapa Mpemba wanajua tunakula nini. Basi leo kasikia. Kajisikia mwenyewe akipuliza. Machozi yakamtoka, akatangaza kama anahutubia kwamba hakuwahi kujua kama alikuwa anajua. Nikamwekea chai ya tangawizi, nikaenda zangu dukani nisije nikalia na mimi.

Jumamosi, 6 Agosti
Leo nimesikiliza mimi, kwenye spika. Sauti kubwa, safi. Besi inatikisa vikombe. Lakini kuna kitu – saksafoni kama inapulizwa ndani ya blanketi. Nikadhani ni redio yetu. Nikatoa mashine ya santuri chini ya kitanda. Sindano imeisha. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta nyingine. Mama muuza redio kuukuu akacheka, akasema mukwai – ndiyo heshima yao wakiongea na mtu – hiyo mashine ni bibi yangu. Lakini akanitafutia.

Jumapili, 7 Agosti
Baada ya kanisa. Wimbo mmoja tu, "Rozi wa Itumba". (Osea anaapa mpaka leo kwamba hakukuwa na Rozi yeyote. Haya.) Santuri kwanza, kisha sidii, kisha santuri tena. Santuri inakwaruza kama vitumbua vinakaangwa. Lakini pale gitaa linaponyamaza, Osea anavuta pumzi – haa – halafu ndipo anaingia. Kwenye sidii hamna. Wamefuta mikwaruzo, wakafuta na pumzi. Saksafoni inaingia tu, kama haina mtu nyuma yake. Na ile pumzi naijua. Ndiyo anayovuta mpaka leo kabla ya kunyanyuka kitandani.

Sasa nimwambie? Hii ya sidii anaisikia. Ile ya santuri nimemwekea, hakusikia kitu, akaniuliza kama inazunguka. Kwa masikio yake, mbovu ndiyo nzuri.

Jumatatu, 8 Agosti
Nanenane. Duka letu limefungwa. Kutwa kavaa hedifoni, anacheza peke yake jikoni, ananikanyaga. Sijamwambia.

Jumanne, 9 Agosti
Nimemwambia.

Lusubilo alipiga asubuhi kutaka jibu. Nikapokea mimi. Osea pembeni ananionyesha dole gumba: iko sawa, mwambie iko sawa. Sikuweza. Nikasema nitampigia.

Nikamweleza Osea kwa kelele. Hakuelewa pumzi gani. Nikamvutia hiyo pumzi mwenyewe, kifua juu, mabega juu, mpaka akacheka. Nikamwambia tukiacha ilivyo hakuna ubaya, maana na yeye anasikia. Akavua hedifoni shingoni, akaziweka mezani taratibu.

"Mama Aida, hiyo mbovu niachie mimi," akasema. "Watu wapewe yenye pumzi."

Nikampigia Lusubilo. Hakufurahi. Kasema mama, watu wa siku hizi wakisikia mkwaruzo wanadhani wameuziwa feki. Nikamwomba asikilize santuri yenyewe pale gitaa linaponyamaza – anayo, ya baba yake. Akaenda akaiweka, akarudi kwenye simu. Mwishowe akasema anakwenda studio kujaribu kuirudisha hiyo pumzi, kisha atapiga atuchezee kwenye simu.

Tunangoja. Osea kasogeza kiti mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu. Nikamuuliza anataka nini, wakati kwenye simu hasikii chochote. Kasema anataka kuniangalia usoni nikisikiliza.

Simu inaita.