Mnyororo Usiokatwa

Jumatatu, 1 Septemba

Tunasugua tumbo la boti tangu maji yapwe. Mimi upande wa kivuli, Bakari upande wa jua. Ni haki. Wazo la boti lilikuwa lake.

Mgongo umekufa. Mimi Mbondei wa Muheza, mtoto wa michungwa, kuogelea sijui. Lakini mume wangu alipostaafu mapema benki, kiinua mgongo chote kilikwenda kwenye boti hii ya tanga, ya mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Tuchukue watalii Tanga, tuwapeleke ufukwe wa Ushongo, walale humo humo botini, tuwarudishe. Wa kwanza wanakuja Oktoba. Ina vitanda vinne, jiko, na choo kinachogoma. Jina lake Tulia.

Leo nimekagua mnyororo wa nanga. Sikutumwa. Pale pete zinaposuguana, nyingine zimelika mpaka zimekuwa nyembamba kama kipini cha pua. Nikamwonyesha Bakari. Akasema umeshika miaka yote hiyo. Nikamwambia hata meno ya bibi yangu yalishika miaka yote hiyo.

Amerudi kupaka rangi mlingoti.

Alhamisi, 4 Septemba

Umekatika.

Tulikuwa tunakula. Jirani akapiga simu kuuliza boti yetu inakwenda wapi. Bakari akatoka mbio na msuli wake. Tulipofika ufukweni Tulia ilikuwa inapita mbele ya watu wanaooga, taratibu, kama bibi harusi. Bakari akajitosa. Katikati ya safari msuli ukaamua kubaki, yeye akaendelea. Ufukwe ulijaa. Nusu yao aliwahi kuwahudumia dirishani benki.

Boti imekwama kwenye tope, karibu kabisa na miamba. Mawimbi mawili zaidi na tungebaki na mbao za kuchomea samaki.

Mama mkwe alikuja nyuma yetu na bajaji. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Halafu akaiona miamba, akanyamaza. Jioni yote hajasema neno. Si kawaida yake.

Nanga yenyewe wazamiaji wameipata. Sasa tuna nanga isiyo na mnyororo. Sawa na kuwa na kitasa bila mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Mnyororo mpya wa boti uko Dar au Mombasa, kwa bei ya kutufanya tuuze boti ili tununue mnyororo. Kwa hiyo tumekwenda madukani Ngamiani.

Tumeonyeshwa minyororo ya mageti, ya mbwa, ya pikipiki. Muuzaji mmoja katuletea wa kisima. Bakari akapenda mmoja unaong'aa kama sahani ya harusi. Nikasema tuujaribu kwanza. Akasema simwamini. Nikasema ndiyo.

Binamu yangu anaendesha trekta kwenye shamba la mkonge. Tumefunga ncha moja kwenye kisiki, nyingine kwenye trekta. Binamu hakufika hata gia ya pili. Pete zilifunguka kama vishikizo vya gauni baada ya biriani. Ndani, chini ya ule mng'aro, kutu tupu. Ilikuwa rangi ya fedha ya kupuliza.

Bakari kaniambia mbele ya binamu kwamba nilikuwa sahihi. Nimeandika ili nisisahau.

Jumatano, 10 Septemba

Bakari kaenda upande wa pili kabisa. Amepata wa kiwandani, wa kuvutia mashine za mkonge. Kila pete nene kama mkono wangu. Huu haukatiki, anasema. Kweli haukatiki. Wanaume sita waliubeba.

Ulipoingia wote, omo, mbele, ikazama, na tezi nyuma ikanyanyuka. Boti yetu ilikaa kama kuku anayekunywa maji. Na ile mashine ya kuvutia nanga ina gurudumu lenye vishimo, na kila pete lazima ikae kwenye kishimo chake. Hizi hazikai hata kwa maombi.

Wakati wa kuutoa, kipande kimemwangukia Bakari kidole gumba cha mguu. Amelala mguu juu ya mto. Anasema labda tungenunua shamba.

Nimekataa. Nashangaa mwenyewe. Mwezi uliopita ningefurahi boti ikizama. Lakini nimeisugua kwa mikono yangu, nimeshona mapazia yake, na usiku nahesabu wageni wetu wa kwanza kama mama anayehesabu watoto. Siwezi kuwalaza watu juu ya kitu kisichoaminika.

Ijumaa, 12 Septemba

Wifi yangu Saumu, dada yake Bakari, kasikia habari za Mzee Seif wa Ushongo. Mwarabu wa huko, aliyefiwa na mke, alikuwa na boti kubwa. Boti ameiuza, mnyororo amebaki nao.

Tumekwenda watatu: mimi, Bakari anayechechemea, na Mama mkwe. Mama hakualikwa. Alisema ana hamu ya samaki, changu wa kukaanga, akaingia kwenye gari.

Mnyororo uko stoo, juu ya mbao, haugusi chini. Anauosha kwa maji baridi. Umechovywa zinki, rangi ya mawingu, pete zote sawasawa. Nikaomba nyundo. Mzee akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nikagonga pete moja moja. Zote zililia, hakuna hata moja iliyokohoa. Bakari alikuwa na pete moja ya mnyororo wetu wa zamani, ya kupimia. Saizi ile ile.

Nilitaka kulia. Sijawahi kulilia chuma.

"Siuzi," akasema Mzee Seif. "Nimelala usingizi miaka yangu yote ya baharini kwa sababu ya huu. Mtu hauzi usingizi wake."

Bakari akapendekeza tukate nusu, yeye abaki na nusu. Mzee akasimama.

"Ukiukata si mnyororo tena. Ni vyuma."

Nilidhani atatufukuza. Mama akamwuliza kama changu wa hapa hukaangwa kwa ndimu au kwa ukwaju. Mzee akakaa tena. Walizungumza samaki mpaka adhuhuri.

Tumerudi mikono mitupu. Mama peke yake kashiba.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee Seif amekuja Tanga! Na gari yake ndogo ya mizigo, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, ananukia udi toka getini. Anasema amekuja kuiona boti, ajue kama inastahili. Inastahili nini hakusema. Ameleta pweza.

Saumu alikuwepo. Ana miaka arobaini na tano, ameachika, mzuri. Mzee alikaa barazani saa nzima baada ya kuiona boti. Mimi si mjinga. Mwanaume hapigi pasi namna ile kwa ajili ya boti.

Alipoondoka nikamwambia Saumu kwamba Mzee Seif ni mtu msafi, anayetunza vitu vyake. Akaniangalia.

"Wifi, unaniuza kwa vyuma?"

Nimekana. Nilikuwa namuuza kwa vyuma.

Jumatano, 17 Septemba

Amekuja tena. Haluwa leo. Kakaa na Mama barazani akingoja Bakari arudi. Nimemtuma Saumu na kahawa. Nimemtuma na tende. Nimemtuma na maji ya kunawa. Mara ya tatu Saumu alinikanyaga makusudi akipita.

Mzee Seif kila mara anamwambia: "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Mpango umekufa. Hatuna mnyororo, na wifi hanisemeshi. Wageni wametuma ujumbe kuuliza kama wabebe mashuka. Bakari kawajibu kwamba kila kitu kiko tayari. Nimemwambia ni mwongo. Akasema si uongo, ni matumaini.

Mama amevaa kanga mpya ya doti niliyokuwa nimemwekea kwa Idi.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi amekuja Mzee Nasoro, mdogo wake Mzee Seif, na wazee wawili. Posa. Bakari kawapokea vizuri, yeye ndiye mwanaume wa familia. Wakazunguka, wakasifu nyumba, wakasifu ukoo, wakasema wameona ua. Bakari kwa furaha akasema familia imeridhia, muhimu ni mwenyewe Saumu. Wazee wakatazamana.

"Saumu ni nani?" akauliza Mzee Nasoro. "Sisi tumekuja kwa Bi Mwanahawa."

Bi Mwanahawa ni Mama.

Kikombe kikamtoka Bakari mkononi. Akasema mambo mengi kwa pamoja: mama yake ana miaka sabini na miwili, ana presha, ana wajukuu. Akawaomba wazee waondoke. Kwa adabu, lakini waondoke.

Saumu alikuwa nyuma ya pazia. Alijifunika uso na mto ili asisikike akicheka. Nami nilikuwa chini ya mto ule ule. Sasa ananisemesha.

Mama katoka chumbani wageni walipokwisha kwenda. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Mimi nilikuzaa wewe, au wewe ulinizaa mimi?"

Akarudi chumbani, akafunga.

Jumatatu, 22 Septemba

Nyumba kimya. Mama anakula chumbani kwake. Bakari anakula kwenye boti, ambayo imefungwa gatini kwa kamba kama mbuzi.

Nimemfuata. Nikamwuliza anaogopa nini hasa. Akasema nani atamkanda Mama miguu. Nikamwuliza nani, sasa hivi, anamkanda miguu. Ni mimi. Akafikiri. Akasema basi nani atamgombeza yeye. Nikasema hilo nitalifanya mimi pia.

Hakucheka. Akasema tangu baba yake afe, kila asubuhi akiamka anasikia Mama anakohoa upande wa pili wa ukuta, na anajua siku imeanza.

Nikamshika mkono. Alikuwa na grisi.

Jumanne, 23 Septemba

Bakari amewaita wazee warudi. Mwenyewe, kwa simu, sauti nyembamba. Wakaja alasiri. Mzee Nasoro akauliza mahari, kama ilivyo haki ya mwanamke. Akataja mwenyewe mifano: dhahabu, seti ya kitanda, Hija.

Mama alikuwa ndani, mlango wazi. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nataka mnyororo. Wote. Usiokatwa."

Nje kuku akapita, tukamsikia anavyokanyaga.

Mzee Nasoro akasema lazima ampigie kaka yake. Akatoka uani. Akarudi uso umeshuka. Kaka amesema atafikiri.

Atafikiri! Bakari amekasirika. Jumamosi hakutaka mama yake aolewe, leo anataka kumpiga mtu kwa kusitasita kumwoa.

Nimemwuliza Mama kwa nini. Alikuwa anachambua mchele.

"Nimemwona mwanangu anaogelea uchi kuifuata boti kwenye miamba," akasema. "Dhahabu ingenisaidia nini? Na yule akishindwa kuniachia chuma, ataniachia nafasi kitandani?"

Alhamisi, 25 Septemba

Hakuna habari. Saumu anasema mwanaume aliyezoea kulala na mnyororo habadiliki. Mama anachambua mchele ule ule wa juzi. Hauna hata jiwe moja. Nimegundua kwamba nimesahau mnyororo kabisa. Nataka tu simu ilie.

Bakari karudi na changu sokoni. Hajui kukaanga. Kakaanga. Mama kala wote, na mkia.

Ijumaa, 26 Septemba

Baada ya swala gari imesimama nje, nyuma imekaa chini kwa uzito. Mzee Seif mwenyewe kwenye usukani. Mnyororo hakuukata, hakuupunguza. Bakari na vijana wa gatini wakaushusha ukilia pete kwa pete, na Saumu akapiga vigelegele. Majirani wakatoka kuuliza bibi harusi yuko wapi. Saumu akawaonyesha mnyororo.

Mama katoka na mchi wa kinu. Akagonga pete ya kwanza, akasikiliza. Ya pili, akasikiliza. Mzee Seif amesimama jua kali, jasho linamtiririka chini ya kofia, hasogei. Mwisho Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Nilichelewa," akasema Mzee Seif. "Nilikuwa nauosha."

Mama akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama msichana anayeficha kitu. Halafu akamgeukia Bakari.

"Hii mali yangu. Nimekuazima. Ukiukata, nitakukata."

Umeingia kwenye gurudumu la mashine bila kugugumia. Nilikaa omo nikautazama ukishuka.

Jumapili, 5 Oktoba

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Ndogo, pilau nyingi.

Jana tumemsafirisha Mama kwa Tulia hadi kwake Ushongo. Mimi nilivaa jaketi la kuokolea muda wote. Mama alikataa, alisema linamharibia nguo. Mzee Seif alisimama nyuma ya Bakari akimwelekeza, kisha akajizuia, kisha akamwelekeza tena. Bakari akaitikia kila neno: naam, mzee.

Tumetia nanga mbele ya nyumba yao, wakashuka. Sisi tulibaki. Usiku upepo ulivuma. Sikuusikia, nimeambiwa.

Nimeamka kumekucha. Minazi iko palepale nilipoiacha. Bakari alikuwa juu kabla yangu, amekaa na shuka mabegani. Hakuwa anatazama nanga. Anatazama nyumba. Mlango wa nyuma ukafunguka, Mama akatoka na ndoo, akakohoa. Umbali ule hatukuweza kusikia, lakini tulimwona anavyoinama.

Wageni ni Alhamisi. Tungepaswa kuondoka na maji haya.

Akaniuliza kama tunaweza kukaa hadi kesho.

Nikasema tukae. Nimebandika chai.