Kaseti ya Kumi na Tatu

Butembo, tarehe 14/11/1999

Mupendwa mutoto wangu Ésaïe,

Salamu mingi kutoka kwa baba yako mudogo, tonton yako. Baridi ya kule Ubelgiji hapana kukumaliza? Na kile kifua, kimepona? Sisi huku tungali tunapumua, Mungu asifiwe. Mama Séphora alipata malaria, lakini sasa analima tena.

Barua hii anaibeba Musafiri, yule dereva wa lori, ataiweka posta Kampala.

Zile kaseti ulinitumia, ile série ya zamani ya televizio, ya batu benye balipotea katikati ya nyota, zilinipa jina mujini. Kila siku ya posho, ni kusema samedi, saa nane, niliwasha groupe ya umeme, nikasimama kando ya televizio, nikatafsiri. Kingereza chabo kinishinde mimi? Hata! Askari baliacha bunduki mulangoni, mukubwa wabo akavua kofia. Batu balikuja kwa miguu kutoka mbali, hata Mavivi.

Nilibaahidi bote: kapiteni wa kile chombo cha nyota atarudi kwa bibi yake. Jirani yetu Mama Rébecca alikaa mbele kabisa. Bwana yake Kitsa alienda kununua kahawa Mangina mwezi wa tatu, tangu pale hapana habari. Kila magaribi alikuwa anamuwekea sahani ya bugali, anaifunika.

Donc kaseti ya kumi na tatu ikaisha, chombo chabo kiko kinazunguka tu gizani. Nikazima televizio, nikaendelea kwa mudomo. Nikakishusha chombo, nikafungua mulango, nikamutoa kapiteni na muzigo kichwani. Rébecca akalia kwa furaha.

Ndipo Kasonia, rafiki yako wa shule, akasimama na barua mukononi. Barua yako, Ésaïe!

« Éliakim, acha kutudanganya! Ésaïe ameandika: balikata ile série katikati, haikuisha, hapana hata mumoja alirudi. »

Batu bakavunjika mbavu. « Tonton wa nyota, tafsiri na hii basi! »

Wewe, mwenye nilikubeba mugongoni kutoka Kayna, simba mbili nyuma yetu! Ulijua, ukamwambia Kasonia. Mimi, hata karatasi moja ndani ya katoni ya kaseti, hapana.

Kicheko chabo nitakimeza. Mais tangu siku ile Rébecca ameosha ile sahani, ameipangusa, ameigeuza juu ya kabati; hapana kumuwekea Kitsa bugali tena.

Donc mwandikie Kasonia tena. Sema ulikosea, kaseti ya kumi na ine iko, umeiona kwa macho yako. Aisome mbele ya batu bote, Rébecca naye asikie, kwa ile sauti yake kubwa.

Mama Séphora na dada yako Bénite banakusalimia sana. Mungu akutunze mpaka siku utashuka nyumbani.

Wako akupendaye, hata na haya yote,
Baba mudogo Éliakim