Sunniva Ameshika Usukani

Bodø, 14 Septemba

Mdogo wangu Astri,

Viazi nimeshavuna na paa limezibwa. Habari kubwa ni ya binti yangu: Sunniva amekuwa nahodha wa mashua ya uokoaji. Mwaka jana walimkataa kwa sababu ya macho yake mabovu. Mwezi wa tano akafanyiwa upasuaji wa leza, na kesho yake alinitazama akasema, "Mama, mbona hukuniambia umezeeka?" Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Daktari yuleyule alinipima na mimi. Macho yangu yanafifia katikati, na leza haiwezi kuyasaidia. Ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa. Sunniva nitamwambia Jumapili, furaha yake ikishatulia.

Jana alifanya mtihani wa mwisho, upepo ukivuma vibaya. Aliposhuka aliniuliza, "Umeona nilivyoigeuza, Mama?"

"Nimeona, mwanangu."

Kwa kweli niliona kitu chekundu tu kikipasua mawimbi. Lakini mzee Torleif, nahodha wa zamani aliyekuwa akimwita Sunniva kipofu tangu utotoni mwake, alikuwa kando yangu gatini, akaninong'oneza, "Borghild, hata mimi nisingeweza."

Dada yako anayetembea kifua mbele,
Borghild