Gari Lisilobadilisha Gia

Jumamosi, baada ya chakula

Kumbe nimekaza meno safari nzima. Taya linauma hadi sasa.

Tangu ninunue gari hili la CVT, lisilo na gia za kupanda na kushuka, fundi wangu ananitisha: gia boksi ya mkanda ikifa, hapa Shinyanga hakuna wa kuitengeneza. Halafu yeye mwenyewe alitaka kuiwekea oili ya kawaida badala ya ile yake maalumu! Nilikataa, tukanuniana. Na leo ndiyo ilikuwa zamu ya kumleta mama mkwe kutoka Ushirombo, aje kutibiwa macho.

Mama hapandi gari asitapike. Alikaa nyuma yangu, limau mkononi. Kwa desturi yetu hatutazamani wala hatusemezani, kila neno linapitia kwa mke wangu, Mama Neema, aliyekaa kando yangu.

"Mama Neema, muulize baba Neema, mbona habadilishi gia? Gari limeharibika?"

"Mwambie mama, hili halina gia za kushtukashtuka. Linaongeza mwendo taratibu."

Injini ikavuma kwa sauti moja tu, ile ile inayonikera, kama mashine ya kusaga mahindi. Nikajua nimemuudhi mama. Tulipofika Tinde nikamsikia anakoroma.

Nyumbani alishuka salama, limau lake halijakatwa hata.

"Mwambie baba Neema, na kurudi nitarudi na hili hili."

Nimefurahi, nakiri. Ila gia boksi sasa imepewa amri na mama mkwe. Haina ruhusa tena ya kufa.