Kesi ya Maksai Niliyoshinda Bila Wakili

Kijiji cha Kwa Ndeti,
S.L.P. 41,
Kitui.
14 Novemba 1977

Mpendwa ndugu yangu Mutunga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kaka yako mkubwa ambaye bado natembea bila fimbo. Mgongo wako unaendeleaje huko Mombasa? Na Mbinya mke wako, ile miguu yake imeacha kufura? Sisi hapa tu wazima. Kasyoka wangu anakohoa, lakini huyo amekohoa tangu nimwoe na bado ananishinda kula.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua macho yako yameisha na watoto ndio watakusomea, na Kikamba ulikosa kuwafundisha. Watoto, someni polepole, msiruke neno la baba yenu mkubwa. Mimi shule nilikaa miaka miwili tu, lakini hakimu mwenye miwani amenisikiliza akaandika kila nilichosema.

Mvua imeshuka vizuri. Mbaazi zimetoka, na mahindi yamefika kwa goti.

Sasa niingie kwa jambo. Uliuliza kama ni kweli nimemshtaki mke wa marehemu. Ni kweli. Na nimemshinda, kama ulivyosikia.

Tangu tumzike mtoto wangu Nzomo, mjane wake Nzilani alibaki na zile maksai mbili, nyekundu na ile ya pembe moja. Akawa analima nazo shamba lake, mpaka mashamba ya watu. Mimi niliyemzaa Nzomo nachimba na jembe kama mfungwa! Nilimtuma Kasyoka akamwambie azilete. Akajibu ni za watoto wake. Wazee wa ukoo wakakaa, wakakula mbuzi wangu mpaka mifupa, halafu wakasema maksai ni za mjane. Nikawaambia ukoo si serikali, nikavaa koti langu nikaenda mjini.

Wakili mmoja hapo mjini alitaka bei ya maksai moja ili anipatie mbili. Nikamwambia, mwanangu, hata mimi kugawa mbili najua. Nikatoka. Nje kwa veranda kuna mtu wa taipu. Alianza kuandika maneno mengi ya heshima nikamwambia atoe yote. Weka hivi: maksai ni zangu, yuko nazo, nazitaka. Akapiga nakala tatu, moja ya koti ya hakimu, moja ya mwanamke, moja yangu. Ukifika kwa dirisha la karani usianze kusimulia maisha yako, Mutunga. Watu wengi hulia pale. Lipa, ngoja muhuri, uchukue namba ya kesi. Karani hakujui kwa jina la baba yako, anakujua kwa namba.

Mtu wa koti alipopeleka samansi, ile karatasi ya kumwita Nzilani kotini, ni mimi nilimwonyesha nyumba. Nilisimama barabarani, sikukaribia, maana mimi ni baba mkwe na adabu najua.

Hapa niwaeleze watoto wako, kwa sababu huko pwani hakuna nthoni. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Hataji jina langu. Akinikuta njiani anaingia kichakani mpaka nipite. Na hiyo heshima haiondoki mpaka alete mbuzi, na mimi nikubali kumpokea.

Nzilani si mjinga. Kabla ya siku ya kesi alimtuma Jonah kaka yake na beberu mzuri.

“Baba, dada yangu ameleta mbuzi wa kutoa nthoni, ili apate kusema mbele yako huko kotini.”

Nikamzunguka yule mbuzi. Nikasema, “Huyu anachechemea.”

“Hachechemei, baba.”

“Atachechemea akirudi. Ni mbali.”

Akarudi naye. Mutunga, wewe ungemchinja, nakujua. Tumbo lako lingekukosesha kesi.

Siku yenyewe nilifika kabla ya milango kufunguliwa. Nakushauri hivyo hivyo, maana ukiitwa na haupo, kesi inakwenda bila wewe. Hakimu si mtu wa huku, ni mtu wa mbali, Kikamba hajui, na karibu yake amekaa mkalimani ambaye ni kijana wetu. Nikaapa kwa Biblia. Nikasema maksai nilizinunua kwa Bulle, yule mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini. Usikunje uso. Najua Nzomo ndiye alitoa pesa, alizileta kutoka kazi yake ya mashamba ya mkonge huko Kibwezi. Lakini mkono wa Nzomo ni nani aliuzaa? Mwenye mkono ndiye mnunuzi. Hayo mengine hakimu hakuuliza, na kotini usijibu kile hukuulizwa.

Nilipomaliza hakimu akasema, “Haya mama, muulize mzee maswali.”

Nzilani akasimama. Akavuta leso mpaka kwa macho, akageukia ukuta.

Hakimu akangoja. “Mama, shahidi yuko huku. Huo ni ukuta.”

Watu wakacheka. Akazidi kuinama.

“Mama, unajua kwamba usipomuuliza nitaandika kwamba hukumpinga?”

Mkalimani akamgeuzia hayo kwa Kikamba. Halafu yule kijana akasimama. Akasema, “Mheshimiwa, kwa mila ya huku, huyu mama hawezi...”

Nikapaaza sauti, “Mheshimiwa! Huyu anatoa ushahidi na hajaapa!”

Hakimu akanitazama juu ya miwani. Akamwambia mkalimani akae na atafsiri yale yamesemwa peke yake. Hakuna lililosemwa, basi hakuna la kutafsiri. Mawakili wawili waliokaa mbele waligeuka kunitazama, na mmoja aliniuliza baadaye nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa mbuzi.

Zamu yake ikafika naye akaapa. Alimwambia hakimu vizuri tu, akitazama chini, kwamba maksai ni za marehemu mume wake. Hakimu akamuuliza, “Mzee amesema alinunua yeye. Ni uongo?”

Sasa fikiria. Mke wa mtoto amwite baba mkwe mwongo, mbele ya watu, na nthoni haijatolewa! Hakimu aliuliza mara ya pili. Nzilani akavuta leso tena mpaka kwa macho. Machozi yalikuwa yanadondoka kwa leso. Mimi nilikuwa natazama dirisha, nimetulia, mikono kwa magoti.

“Una shahidi?”

“Bulle aliyeziuza.”

“Yuko wapi?”

“Amekwenda Garissa na mifugo.”

“Uliomba koti imwite?”

Hakujua kama shahidi huombwa. Alidhani mtu mwenye ukweli anakuja mwenyewe. Shika hilo, ndugu yangu. Shahidi haji kwa sababu ya ukweli, anakuja kwa karatasi, na karatasi inaombwa mapema kwa karani. Hakuna mtu atakuambia. Usipouliza, shauri yako.

Hukumu ilisomwa tarehe kumi na tatu Oktoba. Hakimu alisema ushahidi wangu haukupingwa, kwa hiyo ameukubali. Alisoma kwa sauti ya chini kama mtu mgonjwa, lakini alisoma. Nikaomba amri kwa maandishi, nikaenda na mtu wa koti na askari wa chifu kuchukua mali yangu.

Tulimkuta shambani. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na maksai zilikuwa kwa nira, shamba limelimwa nusu. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameshika plau. Askari akasema tungoje amalize mstari. Nikasema amri haina neno mstari. Nzilani akazifungua mwenyewe, hakutaka tuzishike. Alizipapasa shingo moja moja.

Halafu, Mutunga, nikuambie alichofanya mwanamke huyu ili usikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Alitoa leso kichwani akaiangusha chini. Akaja, akasimama mbele yangu karibu kama wewe na Mbinya mezani. Akanitazama machoni. Akasema, “Ndolo.”

Jina langu! Si baba. Askari akarudi nyuma, naye ni Mkamba.

“Ndolo, sasa nimeweza. Nakuuliza. Nani alinunua ng'ombe hawa?”

Nikamjibu, “Swali lina siku yake na pahali pake. Kesi imefungwa.”

“Nimekuuliza.”

“Na mimi nimekuambia imefungwa.”

Nikapiga maksai fimbo tukaenda. Tangu siku hiyo akinikuta njiani haingii kichakani. Anapita katikati ya njia na kichwa juu, na ni mimi ninayekwepa, kwa sababu mmoja wetu lazima akumbuke heshima. Watoto wake nao hawaji tena kwangu kuota moto. Kasyoka amechukia, ananipikia chakula bila chumvi. Nakula. Shamba langu lote nimelima, la juu na la bondeni. Lake lile nusu limeota magugu, na majirani wanaogopa kumkopesha maksai wasije wakapelekwa kotini na mimi. Wanafanya vizuri kuogopa.

Sasa jambo lako la mwisho. Uliandika kwamba uko tayari kuja, usimame useme ulimwona Nzomo akihesabia Bulle pesa, na ukaniomba nimwambie Nzilani akate rufani, kwa sababu yeye hajui kusoma na barua zake zote hupitia kwa sanduku langu. Nimelifikiria kwa makini. Nilikwenda kumuuliza karani, na aliniambia rufani ina siku thelathini tangu hukumu. Zimekwisha juzi. Ndiyo maana sikukujibu haraka.

Ukitaka kuja kutusalimu njoo, nyumba ni yako. Ukiwa na kesi yako huko pia niambie, nitakuongoza bila malipo.

Msalimie Mbinya, na mtoto wako Mutindi, na yule mdogo ambaye sijamwona. Kasyoka amekataa kutuma salamu lakini najua anawapenda. Mungu aliyenisimamia mbele ya hakimu awasimamie nanyi, awape mvua hata huko kusikolimwa.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja, akupendaye kuliko unavyostahili,

Ndolo